Mizizi Mitatu Iliyobaki

Hyasinta aliliona jani la kwanza Jumanne asubuhi, akifagia kibaraza cha ghorofa ya tatu. Lilikuwa jani la chini kabisa, lile lililoegemea ukingo wa chungu, na lilikuwa limegeuka rangi ya ganda la embe lililoiva. Akalishika kwa vidole viwili. Lilikuwa limelegea, lina mikunjo midogo midogo kama ngozi ya vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Akajiambia ni kiu. Akaingia jikoni, akajaza kikombe, akakimimina chote kwenye chungu mpaka maji yakajaa kisahani cha chini, kisha akaendelea kufagia.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu Bi Arwa apelekwe India kutibiwa valvu ya moyo. Bi Arwa ndiye mwenye nyumba, mjane wa miaka sitini na minane, wa familia ya Kiarabu iliyouza vitambaa Kariakoo tangu enzi za babu yake. Siku ya safari, vijana wawili wa dukani walimbeba kwenye kiti kumteremsha ngazi, kwa kuwa hatua kumi tu zilikuwa zinamkata pumzi. Alipofika mlangoni aliwasimamisha. Akamshika Hyasinta kifundo cha mkono.

"Okidi nakuachia wewe," alisema. "Si mwanangu Zeina, si mtu mwingine. Usiiache ikafa."

"Haitakufa, mama."

Lilikuwa jambo zito kuliko lilivyosikika. Kwa miaka kumi na mmoja ya kazi katika nyumba ile, Hyasinta alikuwa ameshika kila kitu: vyombo vya udongo vya harusi, nguo za marehemu, hata dawa za Bi Arwa. Chungu kile cha buluu hakuwahi kukigusa. Okidi, ua lile la zambarau, ilikuwa ya Mzee Muhannad, mume wa Bi Arwa, ambaye aliinunua mwaka alioacha kwenda dukani, akailea kwa mikono yake mpaka alipofariki. Baada yake Bi Arwa hakumruhusu mtu hata kuifuta vumbi.

Na Hyasinta alikuwa amezaliwa Kitangari, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako utotoni mwake watu waliishi mlimani na maji yalikuwa bondeni. Alikuwa akiamka na mama yake kungali giza, wanashuka na ndoo tupu, wanapanda na ndoo zilizojaa, jua linawakuta njiani. Kwao mgeni aliyepewa maji ya kunawa mpaka viwiko alijua amependwa. Kwa hiyo alipokabidhiwa kitu ambacho Bi Arwa alikipenda kuliko vyote nyumbani mwake, alikifanyia jambo kubwa kuliko yote aliyoyajua. Alikipa maji. Kila asubuhi kikombe kimoja, na siku za joto akaongeza cha jioni.

Jani la pili liligeuka njano Alhamisi. Akaongeza maji. La tatu likaanza kusinyaa Jumamosi, akaongeza tena, na safari hii akasimama pale akiliangalia kana kwamba litajinyoosha mbele ya macho yake.

Kila Ijumaa alasiri Bi Arwa alipiga simu ya video. Ubeid, mwanawe aliyefuatana naye, ndiye aliyemshikia simu. Ijumaa ya wiki ile Bi Arwa alikuwa na mpira wa oksijeni puani, na baada ya salamu aliuliza moja kwa moja.

"Okidi yangu?"

"Iko nzuri, mama," Hyasinta akasema. Akageuza simu, akaionyesha kwa upande ambao majani yalikuwa bado yamesimama. Picha ilipoyumba, akasingizia mtandao.

Ijumaa iliyofuata hapakuwa tena na upande wa kuonyesha. Hyasinta alisema kamera ya simu inasumbua, kwamba angetuma picha. Alipekua picha zake za zamani, akapata moja ya Januari, okidi ikiwa na majani yake saba ya kijani kibichi. Akaituma. Bi Arwa akajibu kwa sauti ya kurekodi, pumzi moja moja: "Mungu akubariki, mwanangu. Nimeiona nimefurahi."

Hyasinta aliisikiliza sauti ile mara mbili. Halafu akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, mahali ambapo asingeweza kukiona kibaraza.

Jumatatu asubuhi jani lilibaki mkononi mwake. Alikuwa hajalivuta; alikuwa amelishika tu, nalo likaachia, na pale lilipotokea palikuwa na rangi ya kahawia na utelezi. Akainama. Harufu ikampanda puani, harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye jagi wiki nzima. Akaingiza kidole kwenye chungu. Kilizama kama kwenye uji.

Hakukuwa na wa kumwuliza ndani ya jengo. Akamkumbuka mwanamke auzaye miche pembeni mwa barabara, kule bonde la Jangwani linapoanzia, ambaye alikuwa akimpita kila Jumapili akienda kanisani. Akakitia chungu ndani ya ndoo, akakifunika na kanga, akashuka.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku na bado ilikuwa inanyesha. Alipofika, yule mwanamke alikuwa na mabuti ya mpira na koti la mvua lililochanika begani, anahamisha miche yake kwenye guta la magurudumu matatu. Nyuma yake bonde lilikuwa limeanza kujaa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yameshafunika safu ya mwisho ya viriba vya miche, na vingine vilikuwa vinaelea vikigongana.

"Habari za saa hizi," Hyasinta akasema.

"Habari ni hiyo unayoiona, dada. Unanunua au unauliza?"

"Nauliza."

"Basi uliza huku unabeba. Maji hayanisubiri."

Hyasinta aliiweka ndoo yake juu ya tofali, akakunja gauni, akaingia kwenye matope. Akabeba viriba vinne vinne kifuani, akapandisha, akarudi. Mwanamke yule aliitwa Candida. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, na alisema amefanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya maua Arusha kabla ya kuja Dar. Walipomaliza safu mbili ndipo aliponyanyua kanga, akatazama ndani ya ndoo.

"Nani kaufanya hivi?"

"Mimi."

"Ulikuwa unaumwagilia kila siku?"

"Kila siku. Siku nyingine mara mbili."

Candida alichuchumaa, akaushika mmea shinani, akauvuta polepole. Ulitoka bila ubishi. Chini yake ilining'inia mizizi ya kahawia, milaini, na mingine ilivuliwa ngozi yake kwa kuguswa tu ikabaki uzi mwembamba katikati.

"Umeuzamisha."

"Lakini majani yalikuwa yamesinyaa. Yalikuwa na kiu."

"Ni kweli yana kiu. Mizizi imeoza, haiwezi kunywa. Wewe unaona kiu, unazidi kumwaga, na inazidi kuoza." Aliusogeza mmea chini ya koti lake usipigwe na mvua. "Sikiliza. Huu kwao haukai ardhini. Unakaa juu ya mti, umeng'ang'ania gome. Mvua inanyesha, upepo unapita, unakauka, ndiyo unakunywa tena. Mzizi wake unahitaji hewa kama wewe."

"Utapona?"

"Sijui. Nenda nyumbani ukaubonyeze mzizi mmoja mmoja. Ulio mgumu uache. Unaobonyea kama ndizi mbovu, kata, wala usiuonee huruma. Mkasi uupanguse na spiriti kila unapokata. Kwenye vidonda paka unga wa mdalasini, ila kwenye vidonda tu, usiguse mzizi mzima, utaukausha. Halafu uulaze mahali pakavu, palipo na hewa, mpaka kesho."

"Bila maji?"

"Bila hata tone. Kesho uupande kwenye vipande vya makumbi ya nazi uchanganye na mkaa. Makumbi uyaloweke kwanza, uyasuuze mara tatu, yana chumvi. Chombo kiwe kopo la plastiki linaloonyesha ndani, ulitoboe matundu chini na pembeni."

"Kwa nini lionyeshe ndani?"

"Ili uone. Mzizi wenye maji una rangi ya kijani. Ukibadilika ukawa wa rangi ya fedha, kama samaki, hapo ndipo unaupa maji, asubuhi, unayaacha yatiririke yote yaishe. Kisahani tupa. Na maji yasikae pale katikati majani yanapokutana, pakioza pale hakuna tena la kufanya. Kabla mzizi haujawa wa fedha, jifanye huuoni."

Nyuma yao kitu kilianguka majini. Candida aligeuka, akaona meza yake ya mbao imeanza kusogea, akakimbia. Hyasinta aliufunika mmea na kanga, akauweka kwenye ndoo, kisha akarudi majini kumsaidia kuishika ile meza mguu mmoja. Ilibidi waivute wote wawili mpaka barabarani. Walipofika juu wote walikuwa wanahema, na Candida akasema, bila kumtazama, "Nenda bwana. Wako unakufa, na mimi wangu nishauokoa."

Jikoni kwa Bi Arwa, Hyasinta alitandika gazeti mezani, akaosha mizizi chini ya bomba, akaanza kubonyeza. Ilikuwa mizizi kumi na tisa. Wa kwanza ulipasuka ukatoa maji ya kahawia. Akapangusa mkasi, akakata. Wa pili, wa tatu, wa nne, ni hivyo hivyo. Kila alipokata alisikia kitu kama aibu kikimpanda kifuani, kwa sababu kila mzizi ulikuwa na asubuhi yake: kikombe fulani, siku fulani, yeye akijiona mtu mwema. Alipofika wa kumi na mbili hakuwa amepata hata mmoja mzima.

Wa kumi na tatu ulikuwa mgumu. Aliubonyeza tena asiamini. Ulikuwa mweupe, umeshupaa kama uzi wa kiatu kipya. Baada yake akapata mwingine. Na mmoja uliokuwa umeoza nusu, akaukata pale palipoanza uzima, akaupaka mdalasini kwa ncha ya kijiti cha meno.

Mitatu. Akaulaza mmea juu ya gazeti karibu na dirisha, ukiwa na majani manne yaliyolegea na mizizi mitatu, uchi kama kifaranga.

Hapo ndipo aliposikia ufunguo mlangoni.

Zeina alikuwa binti wa Bi Arwa, mwenye duka la dawa Upanga, na alikuwa akipita mara mbili kwa wiki kuangalia nyumba. Aliingia jikoni akiwa bado na mwavuli mkononi. Aliangalia mezani. Hakuuliza ni nini, alikijua.

"Tangu lini?"

"Karibu wiki mbili."

"Na ile picha aliyotuonyesha mama?"

"Ya Januari."

Zeina alivuta kiti, akakaa. Hakufoka, na Hyasinta angependa afoke. "Dada Hyasinta, daktari amesema asipate mshtuko wa aina yoyote. Upasuaji ni Ijumaa hii. Unajua huwa anaongea na hicho kitu? Anakipa salamu asubuhi kama vile ni baba."

"Najua."

"Basi akipiga hatakiona hiki."

Jumatano jioni Zeina alikuja na okidi nyingine, aliyoagiza kwenye duka la maua Masaki. Ilikuwa ya rangi ile ile ya zambarau, majani imara, vitumba viwili vimeshaanza kujitokeza. Akaiingiza kwenye chungu cha buluu, akakiweka mahali pake. Ile ya zamani, ambayo Hyasinta alikuwa ameshaipanda kwenye kopo la mkaa na makumbi, ikahamishiwa nyuma ya pazia la jikoni.

"Ni mpaka atakaporudi tu," Zeina alisema. "Akishakuwa mzima nitamwambia mwenyewe. Wewe huna haja ya kusema lolote."

Hyasinta alilivuta pazia. Aliona hoja yake na hakuweza kuipinga. Huyu alikuwa mtoto anayemwogopea mama yake. Na yeye mwenyewe, aliyekwisha kudanganya mara mbili, angepata wapi mdomo wa kukataa mara ya tatu?

Simu iliita Alhamisi baada ya adhuhuri. Bi Arwa alikuwa ameshavalishwa gauni la hospitali, nywele zake nyeupe zimefungwa kwa kitambaa. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko wiki iliyopita. Alizungumza na Zeina kwanza, kuhusu dua, kuhusu nani wa kuarifiwa, halafu akasema, "Nionyeshe okidi kabla sijaingia."

Zeina alikiinua chungu. Alikizungusha taratibu mbele ya simu, akatabasamu. Bi Arwa alitazama kwa muda mrefu. Mashine fulani ilikuwa inalia upande wake, mlio mmoja mmoja.

"Mashaallah," alisema. "Imependeza." Kisha akasema, "Mpe simu Hyasinta."

Zeina alimpa simu, na alipompa alimbana kidole kidogo, mbano wa ombi.

"Hyasinta."

"Abee, mama."

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Hilo ua lililomo ndani ya chungu changu ni la nani?"

Chumba kizima kilikuwa macho ya Zeina. Hyasinta aliyaona bila kugeuka. Alifikiria moyo wa mwanamke yule upande wa pili, valvu iliyokwisha, daktari na maneno yake. Alifikiria pia kwamba mwanamke yule amekwisha kujua, kwamba anauliza jambo moja tu, nalo si habari za ua. Kesho angelazwa mezani na kufunguliwa kifua, na leo alitaka kujua kama nyumbani kwake kuna mtu wa kumwambia kweli.

"Si lako, mama," Hyasinta akasema. "Hilo ni jipya. Lako nililizamisha. Nililimwagia maji kila siku mpaka mizizi ikaoza. Na ile picha niliyokutumia ilikuwa ya Januari."

Zeina alitoa sauti ndogo, akageukia ukutani.

Mashine iliendelea kulia. Kwa mbali Ubeid alisikika akiuliza kuna nini.

"Limekufa?"

"Bado."

"Nionyeshe."

Hyasinta alikwenda nyuma ya pazia, akalitoa kopo, akaliweka juu ya meza kwenye mwanga. Alisogeza simu karibu. Alimwonyesha majani manne. Alimwonyesha upande wa kopo, ambapo mizizi ilikuwa imebanwa kati ya mkaa na plastiki.

"Mingapi?"

"Mitatu. Mmoja nimeukata nusu."

Bi Arwa akaitazama. Mdomo wake ulijongea, kisha picha ikayumba, ikaonekana dari nyeupe na taa, na simu ikakatika. Kama ni yeye aliyekata au ni mtandao, hakuna aliyejua. Zeina alipopiga tena haikupokelewa. Alipiga mara tatu.

Hatimaye Zeina alichukua mkoba wake. Uso ulikuwa umemkauka. "Sitakupigia kelele," alisema. "Nisikie kesho presha imempanda wakashindwa kumfanyia, au kitu kingine, nitakuomba funguo tu. Basi." Akaondoka, mwavuli wake akauacha.

Ijumaa Hyasinta aliamka akafanya kazi zote, na zilipokwisha akazirudia. Alifuta madirisha ambayo mvua ilikuwa inayachafua upya. Saa nne asubuhi alijikuta amesimama mbele ya kopo na kikombe cha maji mkononi, hajui kimefikaje. Majani yalikuwa bado yamelegea. Yalionekana yana kiu kuliko wakati wowote. Mikono yake yote miwili ilitaka kumimina, maana siku ile ilikuwa imemnyima jambo lolote la kufanya, na hili lilikuwa pale, dogo, linawezekana.

Akainama akaangalia pembeni ya kopo. Mizizi ilikuwa ya kijani.

Akayanywa yale maji yeye mwenyewe, amesimama, kikombe chote. Akakaa sakafuni akaegemeza mgongo kwenye kabati, akasali rozari yake mpaka mwisho, akaanza tena. Adhana ya Ijumaa ikapigwa, mitaa ikatulia, watu wakatoka, kelele zikarudi. Simu iliita saa tisa.

"Ametoka," sauti ya Zeina ilisema. "Bado amelala, lakini ametoka." Halafu ikasikika pumzi ndefu, na simu ikakatwa.

Bi Arwa hakupiga simu Ijumaa iliyofuata, wala ile ya baada yake. Ubeid alituma taarifa kwa dada yake, Zeina akazipitisha kwa maneno machache: amekaa, ametembea, anakula. Kuhusu okidi hakuna aliyeuliza. Hyasinta aliendelea. Kila asubuhi aliinama akaangalia, na kwa siku tisa mfululizo hakufanya chochote. Siku ya kumi mizizi iligeuka rangi ya fedha. Akalipeleka kopo kwenye sinki, akamimina maji taratibu, akalishikilia juu mpaka tone la mwisho lilipodondoka, akafuta kwa pamba maji yaliyoingia katikati ya majani. Wiki ile ile jani moja likaota doa jeusi shinani. Alilikata papo hapo, na usiku huo hakupata usingizi mzuri. Yakabaki matatu.

Kisha, katika wiki ya tano baada ya kukata, alikiona. Kilikuwa kando ya shina, juu kidogo ya makumbi: kitu kidogo kama punje ya mchele, kijani chenye kung'aa. Alidhani ni mdudu. Siku ya pili kilikuwa kimeongezeka urefu. Hakumwambia mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye angemwamini kwa maneno.

Bi Arwa alirudi mwisho wa Mei, amepungua mpaka baibui lilimning'inia, lakini alipanda ngazi kwa miguu yake, akipumzika kila ghorofa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikwenda chumbani akalala. Siku ile hakuuliza lolote. Asubuhi yake alitoka, akaketi jikoni, akasema, "Lilete."

Hyasinta aliliweka kopo mbele yake. Bi Arwa alivaa miwani. Aliona majani matatu, aliona mizizi, akaona kile kimzizi kipya, ambacho sasa kilikuwa na urefu wa kucha. Alikigusa kwa ncha ya kidole, akakiacha.

"Marehemu naye aliizamisha mwaka wa kwanza," alisema. "Tulibaki na mizizi miwili. Mimi nilijua hayo, na nikakuachia bila kukuonyesha kitu. Hilo la maji si lako peke yako, na nimekusamehe." Akavua miwani. "Lakini ile picha, Hyasinta. Nililala nayo kifuani wiki nzima. Waliniletea karatasi za kusaini kwamba naweza kufa, nikawa naitazama. Hiyo bado."

"Ndiyo, mama."

"Sijui mpaka lini. Nikiwa tayari nitakuwa tayari."

Ikawa hivyo. Okidi ya Masaki ilikwenda Upanga kwa Zeina. Ile ya zamani ilibaki ndani ya kopo lake karibu na dirisha la mashariki, penye mwanga usio na jua kali, na Bi Arwa hakuichukua tena kuilea. Alikaa tu kwenye kiti, akimtazama Hyasinta akiinama kuchungulia mizizi. Ilitoa jani jipya mwezi wa Agosti. Maua yalichelewa mpaka mwaka uliofuata, manne tu, na Bi Arwa akasema ni madogo kuliko ya zamani, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Ila kwa miezi kadhaa, kila Hyasinta aliposema kitu, kilikwenda kuhakikiwa. Alipomwambia gesi inaelekea kuisha, Bi Arwa aliinuka mwenyewe, mkono kwenye kovu la kifuani, akaenda kuutikisa mtungi. Alipomwambia fundi bomba amekuja na kuondoka, alimpigia fundi. Hyasinta hakulalamika. Mara mbili alifikiria kurudi Kitangari, na mara zote mbili alipofungua begi lake hakujua aanzie kuweka nini.

Asubuhi moja ya Oktoba, mwaka ule ule wa upasuaji, alitoka stoo akasema mchele uliobaki hautafika jioni. Bi Arwa alikuwa anasoma, miwani puani. Hyasinta akasubiri kiti kilie, asikie hatua zake zikienda kwenye pipa la mchele.

"Kanunue," Bi Arwa alisema, akafungua ukurasa mwingine.

Hyasinta alichukua kapu. Kwenye ngazi, ghorofa ya pili, alisimama kidogo akashika ukuta, watu wawili wakampita na marobota yao wakimwomba njia. Kisha akateremka kwenda sokoni.